Kidole Kimoja

Kipimajoto cha langoni kilikuwa na umbo la bastola, na mlinzi alikishika hivyo hivyo. Alikielekeza kwenye paji la uso, akasubiri mlio, akasoma namba, kisha akatupa kichwa upande wa ndani au upande wa nje. Upande wa ndani ulikuwa kazi. Upande wa nje ulikuwa kuanza moja.

Hakuna neno lililoogopwa kiwandani hapo kama hilo la kuanza moja. Kiwanda kilichinja kuku, kikawakata vipande na kuwafunga kwenye trei, na kibarua aliyefanya kazi siku tisini bila kukosa hata moja aliandikwa kazi ya kudumu. Aliyekosa siku ya kumi alianza moja. Aliyekosa siku ya themanini na tisa naye alianza moja, na hakuna aliyetaka kujua amefiwa na nani. Mwenye homa au mafua hakuruhusiwa kuikaribia nyama, na siku hiyo ilihesabiwa kuwa amekosa. Juu ya kichwa cha mlinzi palikuwa na bango kubwa la buluu: AFYA YA MLAJI KWANZA. Afya ya mkataji ilikuwa ya ngapi, bango halikusema.

Jumanne hiyo mwanamke aliyeitwa Mabawa alikuwa anaingia siku yake ya themanini na sita, na alikuwa na homa. Alimeza vidonge viwili vyeupe kabla ya kutoka nyumbani, akatembea polepole asije akajitia joto, na alipofika kwenye foleni akaegemeza paji la uso kwenye nguzo ya chuma ya uzio, ambayo bado ilikuwa na umande. Wenzake walimwona na hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa ameshaiegemea nguzo ile kwa siku yake.

Mlio. Mlinzi alisoma namba, akamtazama, akaisoma tena.

"Umekimbia?"

"Nilidhani nimechelewa, kaka."

"Ndani."

Ndani kulikuwa na baridi ya kuhifadhia nyama, meza ndefu ya chuma, na wanawake kumi na wanne wenye visu. Hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Msimamizi hakuona faida ya kujifunza majina ya watu ambao kesho wangeweza kuanza moja, kwa hiyo kila mtu aliitwa kwa kile alichokikata. Kulikuwa na Mapaja, kulikuwa na Shingo, kulikuwa na Kidari Mrefu na Kidari Mfupi. Mabawa alikata mabawa. Kuliani kwake alisimama Maini, mama mnene mwenye maneno mengi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchambua maini. Ini jekundu lilikwenda kwenye trei. Ini lililopauka au lenye umanjano lilikwenda kwenye ndoo, na kuku aliyelitoa alilifuata, hata kama mapaja yake yalikuwa ya kupendeza namna gani.

"Leo bomba lako linavuja," Maini alisema bila kugeuka, aliposikia Mabawa akivuta kamasi.

"Nyamaza, dada. Atasikia."

"Yule? Yule husikia mashine ikisimama tu."

Lakini msimamizi alikuwa amesikia. Walimwita Nyapara akiwa hayupo na Mkuu akiwapo. Mabawa alibana pumzi, akabana na macho, chafya ikamtoka hivyo hivyo ndani ya barakoa, ndogo, kama ya paka. Mkono ukamgusa begani.

"Njoo."

Alimpeleka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango, akasimama kati ya mabuti ya mpira na makoti meupe yaliyoning'inia.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mkuu."

"Sikuulizi ili uniambie kweli. Nataka kujua utasema nini wakubwa wakikuuliza."

"Nitasema siumwi."

"Haya. Una siku ngapi?"

"Leo themanini na sita."

"Bado nne." Nyapara alipiga hesabu yake mwenyewe, ambayo haikuwa ya siku. "Nikikutoa, wewe unaanza moja na mimi nabaki na pengo mezani. Mapengo matatu kwa wiki, naitwa juu. Kwa hiyo hukupiga chafya."

"Sikupiga, Mkuu."

"Umemeza nini?"

"Vidonge viwili vya homa."

"Viwili!" Alicheka kwa kweli, kwa meno yote. "Ndiyo maana. Kidole kimoja hakivunji chawa, Mabawa. Hivyo ni vya homa tu. Koo nani atalitibu? Na pua?" Alifungua kabati lake la chuma. Ndani, chini ya kofia yake na mwavuli, kulikuwa na boksi zima la pakiti za unga, zile za kukorogwa kwenye maji ya moto, zenye picha ya limau. Akachota kama anayechota karanga. "Huu ni wa koo na kifua. Asubuhi, mchana, jioni, na ukilala. Vile vyeupe usiache, maana ndivyo vinavyokupitisha langoni. Ukitoka pita duka la dawa hapo ng'ambo, uchukue vile vya mafua, vya rangi mbili. Ukiwa navyo vyote vitatu, vinasaidiana."

"Asante, Mkuu."

"Mimi nawajali," Nyapara alisema, na inawezekana aliamini. Boksi lile alipewa na kampuni. Kampuni iliyozuia mafua langoni ndiyo iliyoleta unga wa kuyaficha ndani, na katika ofisi za juu mambo hayo mawili yaliwekwa katika mafaili mawili yasiyojuana.

Jioni Mabawa alipita duka la dawa. Nyuma ya kaunta alikaa msichana mwenye koti jeupe, akitazama simu.

"Naomba za mafua, zile za rangi mbili."

Msichana alichukua mkasi, akakata vipande kutoka kwenye ubao mrefu wa vidonge, vingi vya kutosha wiki nzima. Boksi lilibaki kwenye rafu, na karatasi ya maelezo ikabaki ndani ya boksi. Katika kipande cha Mabawa yalibaki maandishi nusu, herufi ambazo hazikuanza popote na hazikuishia popote.

"Nameza vipi?"

"Kama kawaida."

"Kawaida ni ngapi, mdogo wangu?"

"Mbili mbili, mara tatu. Ukiona hazisikii, ongeza."

"Nina na nyingine. Za homa, na unga wa koo."

Msichana aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kitu usoni, kama mtu aliyeitwa na sauti ya mbali. Labda aliwahi kusikia onyo fulani mahali. Labda mwenye duka, ambaye cheti chake kilitundikwa ukutani na yeye mwenyewe alionekana mara moja kwa mwezi, aliwahi kumwambia. Simu ikalia mkononi.

"Zile za homa, hizi za mafua," alisema. "Kila moja na kazi yake." Akaipokea simu.

Mabawa aliishi na mama yake katika chumba kimoja chenye pazia katikati. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Alikuwa na utani wake juu ya jambo hilo na hakuchoka kuurudia: "Mimi nina watoto watatu, mmoja wa tumbo na wawili wa macho, na wa tumbo ndiye anayenisumbua." Hospitalini walisema upasuaji wenyewe si mkubwa, mtu huingia asubuhi akatoka mchana. Waliuliza tu kama ana kadi ya matibabu. Kadi ilikuja na kazi ya kudumu, na kazi ya kudumu ilikuwa imebakiza siku nne. Kwa ajili hiyo Mabawa angeweza kumeza misumari.

"Nipe nikupangie," mama alisema. "Wewe ukiwa na homa huna hesabu."

Alitaka vizibo vitatu vya soda, akaviweka kwenye stuli kwa mstari. Vyeupe kizibo cha kwanza, vya rangi mbili cha pili, na cha tatu pakiti ya unga iliyosimamishwa. Vidole vyake vilifanya kazi hiyo upesi kuliko macho ya watu wengi. Kimoja cha rangi mbili kilipasuka kati ya vidole vyenye maji, unga wake ukamshika. Mama akaulamba.

Ulikuwa ndio mtindo wake tangu giza lilipoanza. Chumvi, sukari, magadi, sabuni ya unga, vyote alivijua kwa ulimi. Akachukua kidonge cheupe, akakigusa kwa ncha ya ulimi. Akachovya kidole kwenye pakiti iliyochanwa, akaonja hiyo nayo, akatema pembeni utamu wa limau na kusubiri kilichobaki.

"Mwanangu," alisema, "hii ni dawa moja."

"Mama, hiyo ni tatu."

"Moja. Uchungu una sura yake. Uchungu wa shubiri si uchungu wa nyongo. Huu na huu na huu ni uchungu mmoja. Huyu amevaa koti, huyu kapakwa limau, huyu yuko uchi. Mtu ni yule yule."

Mabawa alicheka mpaka akakohoa. "Daktari wa ulimi! Basi wangekuajiri kiwandani. Mama, hizi zimetengenezwa na watu waliosoma. Wasingeita kitu kimoja majina matatu."

"Kwa nini wasingeita?"

Mabawa alikuwa amechoka. "Nimeambiwa na Mkuu, nimeambiwa dukani. Hao wanaona, mama."

Lilikuwa neno baya, na alilijua lilipokuwa limeshatoka. Mama aligeuza uso upande wa dirisha. Kisha akanyoosha mkono, akapapasa vile vizibo, akamsogezea kimoja baada ya kingine.

"Meza basi," alisema. "Mimi najua nini."

Kuanzia hapo mama ndiye aliyempangia, asubuhi vizibo vitatu na jioni vizibo vitatu, na vya mchana alimfungia kwenye kitambaa. Mkono wake haukukosea hata mara moja.

Jumatano moyo wa Mabawa ulidunda kama wa mtu anayefukuzwa, na kisu kilimtetemeka mkononi, lakini pua ilikauka na namba ya langoni ilikuwa nzuri. Nyapara alipita nyuma yake akampigapiga begani. "Unaona? Mvumilivu hula mbivu."

"Na wengine humla mvumilivu," Maini alisema, Nyapara alipokuwa ameshapita.

Alhamisi mafua yaliisha. Ugonjwa ulibaki. Chakula kilimchukiza, hata harufu yake. Alitapika chooni mara mbili, akanawa, akarudi mezani, na pale mahali pa mabawa palipokuwa na rundo, Maini alikuwa amemkatia yote. Chini ya mbavu za kulia palimwuma kwa uzito, kama aliyefungiwa jiwe. Alimweleza Nyapara, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumweleza.

"Mafua yameingia tumboni," Nyapara alisema. "Ndivyo yalivyo ya mwaka huu. Ukiacha dawa sasa hivi yanarudi na nguvu, halafu homa, halafu lango. Unataka uanze moja ukiwa na themanini na nane?"

"Hapana."

"Ongeza unga." Akampa pakiti nyingine sita.

Akaongeza. Jioni mama alihesabu pakiti tupu kwa vidole, akauliza mbona ni nyingi. Mabawa alisema Mkuu ameagiza. Mama alisema, "Huyo Mkuu ndiye anayetapika?" Hakujibiwa, kwa kuwa mwanawe alikuwa ameshalala na viatu.

Ijumaa asubuhi, wakati wanavaa makoti, Maini alimshika kidevu akamgeuzia kwenye taa. Alimtazama jicho moja, akamtazama la pili.

"Nini?"

"Macho yako ya manjano."

"Ni taa."

"Dada, mimi natazama rangi hii kutwa nzima, mwaka wa sita sasa. Kuku mwenye rangi hii mimi namtupa kwenye ndoo." Maini alishusha sauti. "Nenda hospitali. Leo. Sasa hivi."

"Leo ni themanini na tisa."

Maini mwenyewe, mwaka wa sita, alikuwa ameanza moja mara kumi na mbili. Hesabu hiyo aliijua. Alimwachia kidevu na kumfunga vifungo vya koti, vile vya nyuma ambavyo mtu hawezi kuvifikia peke yake.

Jumamosi mlinzi alimwelekezea bastola yake na namba ilikuwa safi kabisa. Kipimajoto kilipima homa, na homa hakuwa nayo. Hakikuwa na namba ya kitu kingine chochote. "Ndani," mlinzi alisema.

Alifanya kazi akiwa ameegemea meza. Alikata mabawa ambayo wakati mwingine yalikuwa mawili na wakati mwingine manne. Saa nane mchana king'ora kililia, na Nyapara alipita na daftari akitia alama. Alipofika kwake alisimama.

"Tisini," alisema Mabawa. Ulimi wake ulikuwa mzito.

"Tisini," Nyapara alikubali, akaandika. Wanawake walipiga makofi kwa glavu zilizolowa. Kidari Mrefu akapiga kigelegele.

"Kadi, Mkuu?"

"Jumatatu. Wewe sasa ni mtu wetu."

Jumapili hakuamka vizuri. Mama alimwita, akajibu, lakini alijibu kama yuko kiwandani: alisema trei zimejaa, alisema mwondoeni huyu kuku. Mama alimpapasa uso, akamnusa mdomo, ukatoa harufu tamu ya kuchukiza ambayo hakuijua, na kwa mama huyo harufu asiyoijua ilitosha. Alitoka mlangoni akapiga kelele. Jirani, fundi seremala, aliacha randa yake juu ya ubao, akambeba Mabawa mgongoni hadi barabarani.

Hospitalini alilazwa kitanda kimoja na mwanamke mwingine, kichwa huku, miguu kule. Aliyasikia maneno kama mtu aliye chini ya maji. Daktari alikuwa mwanamke kijana aliyekesha. Mama alifungua kitambaa akamwaga kila kitu juu ya shuka: pakiti zilizochanwa, ubao uliokatwa, vyeupe viwili vilivyobaki.

Daktari aliviokota kimoja kimoja, akakaza macho kwenye maandishi nusu.

"Alimeza hivi vyote? Kwa pamoja?"

"Kwa pamoja. Siku tano. Mimi ndiye niliyempangia." Mama alitaja idadi, ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, bila kukosea.

"Mama, hii ni dawa moja. Majina ni matatu, dawa ni moja. Ukimeza moja kwa kipimo chake haina shida. Huyu amemeza mara tatu, na zaidi. Imeliunguza ini."

"Nilimwambia," mama alisema. Halafu, kwa sauti ambayo Mabawa hakuwahi kuisikia: "Nilimwambia, kisha nikampa."

Daktari alisema ipo dawa ya kuzuia sumu hiyo, kwamba ilifaa kutolewa siku ya kwanza au ya pili, kwamba hata sasa si vibaya kujaribu. Hapa hawakuwa nayo. Hospitali ya rufaa walikuwa nayo, na walikuwa na wataalamu wa ini. "Lakini pale wanapokea kwa kadi, mama. Bila kadi mtakaa kwenye benchi la nje, na huyu hana muda wa benchi."

"Kadi anayo," mama alisema.

"Iko wapi?"

"Inakuja kesho."

Asubuhi ya Jumatatu fundi seremala alikwenda langoni mwa kiwanda, akaomba kadi ya Mabawa, akaeleza ni kwa nini inatakiwa upesi. Aliambiwa asubiri. Baadaye aliambiwa aende, ataletewa mtu. Saa nne mtu huyo aliingia wodini, na alikuwa Nyapara, katika shati lililopigwa pasi, na faili la plastiki kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Mkuu?"

"Ndiye mimi. Poleni sana. Tumeshtuka wote." Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akapiga chafya, akajifuta kwa leso. "Samahani. Mafua haya hayamwachi mtu."

Mabawa alikuwa macho. Hakuweza kuuinua ulimi, na maneno aliyoyatafuta yalikuja na kuondoka, lakini macho yake ya manjano yaliona. Aliona Nyapara anafungua faili. Aliona karatasi ikishushwa karibu na uso wake, juu ya ubao wa kuandikia, na herufi zake kubwa zikatulia kwa muda wa kutosha kusomeka. KUACHA KAZI KWA HIARI. Chini yake kulikuwa na mistari midogo, kulikuwa na maneno "sina madai yoyote kwa kampuni", na kulikuwa na tarehe. Tarehe ilikuwa ya Ijumaa. Siku ya themanini na tisa.

"Ni fomu, mama," Nyapara alisema. "Bila hii hakuna kinachokwenda mbele."

"Ndiyo ya kadi?"

Nyapara alitazama dirishani kidogo. "Ndiyo inayohusu kadi."

"Nisomee."

"Ina jina lake. Ina namba yake ya kazi, ina idara. Mengine ni maneno ya kisheria, mama, hata mimi siyaelewi."

Mama alielekeza sikio upande wa kitanda. "Mwanangu, ni kweli? Nimkubalie?"

Mabawa alitikisa kichwa. Alikitikisa kwa nguvu zake zote, huku na huku kwenye mto, mara nne, mara tano. Mwanamke aliyelala upande wa miguu alimwona, akadhani ni maumivu. Nyapara alimwona. Mama alikuwa ameinama kwa makini, akingoja sauti.

"Hasemi kitu," mama alisema.

"Amechoka. Tusimchoshe."

"Anajua kuandika. Ana mwandiko mzuri."

"Mkono unatetemeka. Dole gumba linatosha." Alikuwa ameshafungua kibati cha wino.

"Kidole kimoja tu?"

"Kimoja kinatosha, mama."

Aliushika mkono wa Mabawa, na Mabawa akakunja ngumi, akalificha dole gumba ndani ya vidole vinne. Hakuwa na kitu kingine cha kuficha. Nyapara alijaribu kuifungua bila kuonekana anatumia nguvu, maana wagonjwa walikuwa wanatazama. Ngumi haikufunguka.

"Anakaza," alisema. "Labda wewe, mama."

Mama alipapasa kando ya shuka mpaka akaufikia mkono. Aliijua ngumi ile tangu ilipokuwa ndogo kama komamanga. Alipitisha kidole chake chini ya kidole cha kwanza, akakiinua, akaenda cha pili, akaenda cha tatu, taratibu, kama alivyopanga vile vizibo.

"Legeza, mwanangu. Legeza. Ndiyo kadi hiyo, unakwenda kutibiwa." Na kwa Nyapara: "Niongoze, baba. Mimi sioni."

Nyapara alimwongoza. Mama alilichovya dole gumba la mwanawe kwenye wino, akalishusha mahali alipoelekezwa, akalikandamiza kwa uzito wa mwili wake, lisije likatoka hafifu wakaikataa.

"Limeshika?"

"Limeshika vizuri sana." Nyapara aliipuliza karatasi, akairudisha kwenye faili, akabana kifungo. Alipofika mlangoni alipiga chafya nyingine.

Mama alikuwa ameanza kulifuta lile dole gumba. Alilitemea mate kidogo, akalisugua kwa pindo la nguo yake, na wino ulipokataa kutoka akalitia mdomoni, kama alivyofanya kwa kila kitu asichokiona.

"Kadi yenyewe mtaileta saa ngapi, baba?" aliuliza, akiwa ameelekeza uso kwenye kiti kilichokuwa tupu.